Steringi Anamenya Ndizi

Wenzangu mnaoendelea kutafsiri filamu, siku mliponiaga kwa vigelegele pale nyuma ya soko mliniomba niandike machache kuhusu kazi. Nimeahirisha sana. Kila nikishika kalamu najikuta nafikiria neno moja tu la Kinyakyusa, neno ambalo hata mtoto wa Tukuyu aliyelelewa na televisheni analijua. Mimi niliyesema kwa niaba ya Wachina, Wahindi na Wamarekani, neno hilo lilinifunga mdomo mbele ya watu. Tena lilinifunga baada ya kustaafu, nilipodhani nimeshamaliza kuaibika. Nitafika huko. Acheni kwanza nianze mwanzo, maana bila mwanzo mtasema bibi kachanganyikiwa, na hamtakuwa mmekosea sana.

Kwetu ni watu wa biashara. Baba aliuza vitambaa soko la Tukuyu, na mjomba wangu akafungua kibanda cha video nyuma ya maduka: benchi, televisheni moja, deki ya kaseti, na pazia zito la kuzuia wanaochungulia bure. Mimi nilikuwa nauza kashata mlangoni. Mtafsiri alikuwa Mzee Ambakisye, mtu wa Kiwira, ambaye ujanani alizunguka vijijini na gari la sinema akionyesha filamu za kilimo na usafi na kuzieleza kwa Kinyakyusa. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini sauti yake ilisikika hadi kwa wauza samaki.

Mvua ya kwetu mnaijua. Kibanda kilikuwa na bati tupu, hakina dari, na ikianza kunyesha sauti ya televisheni ilizama yote, mnabaki kutazama midomo inacheza. Kwa hiyo mtafsiri Tukuyu hakuwa pambo. Sehemu nyingine walitafsiri kwa sababu watu hawakuijua lugha. Sisi tulitafsiri kwa sababu hakuna aliyesikia chochote, lugha ilikuwa tatizo la pili. Huwa nasema mvua ndiyo iliyoniajiri, na haijawahi kunisumbua kwa malalamiko.

Siku yangu ya kwanza ililetwa na mafua. Mzee Ambakisye aliamka hana sauti kabisa, na mjomba alikuwa ameshajaza watu. Mzee akanishika mkono, akanikalisha kwenye kigoda chake kando ya televisheni, akanipa maiki.

"Sema," akanong'ona.

"Niseme nini, mzee? Mimi Kichina sikijui."

"Na wao hawakijui. Sema."

Kwenye kioo wanaume wawili walikuwa wanarushiana mateke juu ya paa. Nikatafuta sababu ya watu wazima kufikia hatua hiyo, na sababu niliyoijua mimi ilikuwa moja. Nikakaza sauti: "Nilikukataza kufunga ng'ombe kwenye migomba yangu!" Kibanda kikalipuka kwa vicheko. Yule wa pili nikamjibia: "Migomba yako imevuka mpaka, hata marehemu baba aliyasema hayo!" Tukaendelea hivyo, panga kwa panga, mgomba kwa mgomba. Kuelekea mwisho wale watu wakakumbatiana wakilia mbele ya kaburi, nikashtuka kwamba kumbe pengine walikuwa ndugu. Nikafunika haraka: "Ndugu ndio wanaogombea mipaka, na mtu baki utagombea nini?" Mzee mmoja wa kijiji cha Nkunga akasimama, akasema filamu hiyo imetengenezwa na mtu anayeifahamu familia yake. Kuanzia siku hiyo kashata zikatafutiwa muuzaji mwingine.

Mzee Ambakisye alinifundisha mambo machache, lakini aliyarudia mpaka yakaingia kwenye mifupa. La kwanza, mwonyeshe steringi, yule shujaa wa filamu, mapema. Watu wakishamjua wa kumlilia, mengine yote watavumilia. La pili, steringi hafi, na akifa useme amezimia, watajua wenyewe wakifika nyumbani. La tatu ndilo aliloliita sheria: "Picha ikinyamaza, wewe sema. Kimya ni mlango. Ukiuacha wazi, watu wanatoka."

Vifaa vyetu vilikuwa vya jikoni zaidi kuliko vya umeme. Maiki niliifunga leso ili isivume. Chupa ya chai ya tangawizi ilikaa miguuni. Sufuria na mwiko vilikuwa vya mapanga, na bunduki nilipiga benchi kwa kiganja, mtu aliyekaa benchi hiyo akaruka bure. Kazi ngumu haikuwa vita, vita hujieleza. Kazi ngumu ilikuwa pale steringi na mchumba wake wanaposogeleana, na mbele yangu ameketi ustadhi wa msikitini bega kwa bega na mzee wa kanisa. Nikasema, "Sasa wanaulizana habari za nyumbani." Sauti ikatoka nyuma: "Mbona wanaulizana kwa karibu hivyo?" Nikajibu, "Mmoja hasikii vizuri." Ustadhi alicheka hadi kofia ikamdondoka, na mzee wa kanisa akamwokotea.

Mzee Ambakisye alipofariki tulimzika kwao Kiwira kwenye mvua, na mchungaji alihubiri kwa sauti ndogo iliyomezwa na miavuli. Nilisimama pale nikitamani kumtafsiria mchungaji. Nililia sana. Hakunifundisha Kiingereza wala Kihindi, lakini alinifundisha kutoogopa uso wa mtu nisiyemjua.

Kuhusu miaka iliyofuata sina mengi. Kaseti zikawa sidii, sidii zikawa flashi, mjomba akawa marehemu, kibanda kikawa changu. Kazi yetu haina ofisi ya kumstaafisha mtu. Niliacha nilipoona sauti inakatika katikati ya ugomvi wa watu, na benchi zinabaki tupu kwa sababu kila kijana ana kioo chake mfukoni. Nikauza benchi, nikabaki na kigoda. Nikadhani sasa nitapumzika, na ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Alikuja Tumpe, binti wa Nkunga. Mama yake tunafahamiana tangu zamani, aliuza ndizi karibu na duka la baba. Tumpe alipelekwa Mbeya kusomea uuguzi, akaacha katikati na kuingia kwenye kutengeneza filamu. Wakati huo mama alikuwa ameshawatangazia akina mama wenzake wa kanisani kwamba nyumbani kwake kutakuwa na nesi. Mama na binti hawakugombana, na hilo ndilo lililokuwa baya. Walisalimiana, walipikiana, waliulizana afya, lakini jambo lile halikutajwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Nasikia siku hizi unatengeneza mikanda."

"Filamu huru, bibi."

"Huru kutoka kwa nani?"

"Yaani hakuna tajiri anayetupangia. Tunatengeneza tunachotaka wenyewe."

"Na mtazamaji naye yuko huru kuondoka?"

Akacheka, kisha akachezea kamba ya begi. Akaniambia filamu yake ni ya Kinyakyusa, itaonyeshwa ukumbini hapa Tukuyu, na wengi watakaokuja ni watu wa mjini na vijana wasiokifahamu Kinyakyusa vizuri. Alitaka nitafsiri kwa maiki, papo kwa papo, kama zamani.

"Mama atakuwepo," akasema. "Yumo ndani ya filamu, bibi. Mwishoni kuna neno analisema, hatukulipanga. Niliingia kwenye picha nikamwambia kitu, akajibu neno moja. Nimelisikiliza mpaka nimechoka. Sijui kama amenisamehe au amenifukuza. Wewe umeishi kwa kusoma nyuso za watu. Nataka uniambie."

"Mbona usimwulize mwenyewe?"

"Bibi, si unamjua mama?"

Nilimjua, kwa hiyo nikakubali. Neno lenyewe hakunitajia, alitaka nilisikie bila kuandaliwa. Ili nizoee aina hiyo ya kazi, aliniachia flashi yenye filamu za wenzake. Nilizitazama zote kwa uangalifu, na maoni yangu nayaweka hapa, kwa sababu nyinyi mtaletewa hizo hizo.

Ya kwanza mwanamke anachemsha maharage. Nikasubiri wezi waingie, hawakuingia. Nikasubiri mume arudi amelewa, hakurudi. Maharage yakatokota, yakaiva, filamu ikaisha. Nilikasirika, nikazima, nikaenda kuosha vyombo. Nikiwa naosha nikakumbuka kwamba mwanamke yule aliandaa sahani mbili na hakuna aliyekuja kula. Nikarudi kuiwasha upya huku mikono ina povu. Nasema ni filamu nzuri, ingawa siwezi kueleza kwa nini, na chumvi aliiweka mapema mno.

Ya pili imepigwa Kiwira, kando ya barabara ya Mbeya. Kijana anauza parachichi. Uso mzuri, anaongea vizuri, nikamtambua mara moja kwamba huyu ndiye steringi. Mara akainuka, akatoka kwenye picha, asirudi tena. Kamera ikabaki na tenga lake. Magari yanapita, watu wanachukua parachichi mojamoja, wengine wanaacha hela, wengine hawaachi. Steringi hafi, hiyo sheria tunaijua wote. Huyu hakufa, aliondoka tu, na sheria haikusema lolote kuhusu kuondoka. Nilimpigia Tumpe simu nimwulize steringi ni nani.

"Labda parachichi, bibi."

Nikamwambia asinitanie. Kumbe alikuwa hatanii.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima raha. Wanawake wawili wanachuma chai, wanaongea, lakini sauti zao zimeondolewa, unasikia upepo tu. Nilipiga spika kofi nikidhani imekufa. Kisha mazoea yakanishinda, nikachukua mwiko, nikakaa kwenye kigoda changu na kuanza kuitafsiri peke yangu sebuleni. Ilikuwa hadithi tamu ya wivu: huyu kamchukulia mwenzake mume, yule kagundua, macho yanawaka. Niliporudia bila kusema kitu, wivu wote ukatoweka. Yule mwanamke niliyempa macho ya wivu alikuwa anasikia baridi. Alikuwa anasikia baridi, basi, na mwenzake akamvulia sweta. Nilikaa na mwiko wangu nikajiuliza ni watu wangapi kwenye kibanda changu walikuwa wanasikia baridi. Jibu sidhani kama ninalitaka.

Kwa hiyo nilifika ukumbini siku ile nikiwa sina uhakika hata wa mkono gani ushike maiki. Ilikuwa mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, shuka jeupe limetandazwa ukutani. Wateja wangu wa zamani walikuwepo, wengine na wajukuu. Akina mama wa Nkunga walikaa pamoja, na mbele kabisa alikuwa Mama Tumpe, mikono ameikunja juu ya mwavuli. Kiswahili chake kimekulia kwenye Kinyakyusa, r zake ni l na z zake ni s, na haombi radhi.

"Mama Rehema, habali sa siku nyingi," akaniambia. "Nasikia leo utanisemea."

"Kidogo tu, mama."

"Usiniongesee maneno."

Nikaapa sitamwongezea. Filamu ikaanza. Naye Mama Tumpe wa kwenye shuka akatokea, amekaa barazani pa jiko lake, anamenya ndizi. Ukumbi ukacheka kwa furaha ya kumwona mtu wanayemjua. Yeye mwenyewe hakucheka, aliinamisha kichwa akijitazama mikono. Majirani wanapita pale barazani, mmoja analalamikia mkwe, mwingine anaulizia mbegu za maharage. Hapo sikuwa na shida, nilitafsiri sentensi kwa sentensi kama mtu anayetembea njia ya nyumbani kwao. Watoto walifuata vizuri. Nikasema kwenye maiki, "Steringi wetu anamenya ndizi," wakapiga makofi, na nikaona mabega ya Mama Tumpe yamelegea kidogo.

Ndipo kwenye filamu mvua ikaanza kunyesha juu ya bati la jiko. Kumbe na nje ya ukumbi nayo imeanza, na ukumbi ule hauna dari, ila spika za Tumpe zilikuwa kubwa. Sikuweza tena kujua ipi ni mvua ya Nkunga ya siku ile na ipi ni ya Tukuyu ya siku hii. Tumpe akaingia kwenye picha, amelowa, begi begani. Akachuchumaa mbele ya mama yake. Kwa Kinyakyusa akasema, nami nikatafsiri: "Mama, uuguzi sitarudi. Kazi yangu ni hii." Mama akasimamisha kisu. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, mvua inapiga tu. Kisha akasema, "Ndaga." Akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya. Picha ikabaki palepale, kwenye uso wake na mikono inayomenya.

Watu wote wakanigeukia.

Sasa nyinyi mnaotoka mbali niwaeleze. Ndaga ni asante. Mtu akikupa kitu unasema ndaga. Lakini mtu akikusalimia pia unaitikia ndaga, haina uzito zaidi ya "nzuri" ya njiani. Na bibi zetu wakikukuta na tatizo wanakwambia ndaga, na hapo ni pole. Sasa Mama Tumpe alisema ipi? Asante kwa kuniambia ukweli? Pole mwanangu, umepotea? Au nimesikia, pita ndani ukaote moto? Nilitazama uso ule mkubwa kwenye shuka. Kazi yangu yote ilikuwa nyuso, na ule sikuusoma. Nikiwa na maneno matatu mdomoni na maiki iko wazi, nikamwona Tumpe amesimama kando ya projekta, ameshika mdomo, ananisubiri.

Sauti ya Mzee Ambakisye ilikuwa sikioni: picha ikinyamaza, wewe sema. Nikafungua mdomo. Nikamkumbuka yule mchuma chai anayesikia baridi. Nikafunga mdomo, nikaishusha maiki juu ya mapaja. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku ya mafua.

"Tafsiri!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Amesema asante," akasema kijana mmoja.

"Asante ya nini? Mtoto kaacha uuguzi! Hiyo ni pole," akajibu mama mmoja wa Nkunga.

"Ameitikia salamu tu, nyie mnakuza mambo."

Ukumbi ukawa soko. Mzee mmoja akainuka kueleza jinsi ndaga inavyosemwa upande wa kwao, na mwingine akamwambia upande wa kwao hawajui kusema hata habari za asubuhi. Hakuna aliyetoka nje. Mzee Ambakisye angeshangaa, mlango ulikuwa wazi kabisa na hakuna aliyetoka. Mwishowe yule wa nyuma akauliza moja kwa moja, "Si mwenyewe yupo? Mama, ulisema nini pale?"

Mama Tumpe hakugeuka haraka. Alikung'uta mwavuli uliokuwa mkavu.

"Nilisema ndaga," akasema. "Mlitaka niseme nini?"

Watu wakacheka, taa zikawashwa, na mabishano yakahamia kwenye soda. Tumpe hakucheka. Alikuja akasimama karibu nami, machozi yanamlengalenga. "Hata wewe, bibi?" akaniuliza. Nikamwambia kweli, hata mimi. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mwenyewe, mtafsiri aliyeitwa kwa neno moja akashindwa nalo.

Tukiwa tumesimama hivyo, mama yake akatufikia. Akalitazama lile shuka tupu, kisha akamtazama binti yake kuanzia viatu.

"Hii mtaipeleka na Mbeya?"

"Ndiyo, mama. Ukikubali."

Mama akafikiri. Akavuta ncha ya kitenge chake, akakikagua kama anayetaka kukinunua.

"Ile nguo niliyovaa mule ni ya shambani," akasema. "Safali nyingine uniambie mapema, nivae ya kueleweka."

Akafungua mwavuli, akaelekea kwenye mvua bila kusubiri jibu. Tumpe alibaki amesimama kama aliyepigwa na kitu. Halafu akamkimbilia, akamfikia mlangoni, akamshika mkono ulioshika mwavuli.

"Ndaga, mama," akasema.

Nilikuwa nimewafuata, nikasikia, na uso wa Tumpe niliuona wote. Nimekaa na uso huo mpaka leo, kwenye kigoda changu, nikijaribu kwa Kiswahili. Asante, mama. Pole, mama. Kila nikichagua moja, nyingine inanijia na kuniuliza mbona nimeiacha nje kwenye mvua.